Alisema "Nilishachoka", Mashine Ikaandika "Anahitaji Mapumziko"



Wengi wenu mnajua kwamba tangu tumalize lisansi mimi niko kwenye kazi ya kusikiliza watu. Kwa karatasi ninaitwa msaikolojia. Kwa kweli asubuhi yangu inapita kwenye kibanda cha mbao pembeni ya kituo cha afya, hapa upande wa Bukavu, na mchana wangu unapita kwenye kuandika. Mtu anasema kwa Kiswahili ao kwa Mashi, sisi tunaandika kwa Kifaransa, juu dosie ni ya Kifaransa, ripoti ya ONG ni ya Kifaransa, na mfadhili kule mbali anasoma Kifaransa ao Kiingereza. Hapo katikati, kati ya mdomo wa mtu na ile karatasi, njo akili bandia iliingia kwetu. Haikuja kama daktari. Ilikuja kama sekretere.

Hakuna mkubwa aliyetuamuru. Mwenzetu mmoja alianza: anamaliza kumsikiliza mtu, anaongea dakika mbili kwenye telefone, IA inamrudishia ukurasa wa Kifaransa kizuri kuliko kile tulichokuwa tunaandika wakati wa memwari. Ukurasa ulionikula saa moja, sasa dakika 3. Sitawadanganya, nilifurahi. Siku ya watu 11, na mbili kati yao umelia nao, kuandika jioni kwenye mwanga wa tochi ni adhabu. Kwa hiyo ninyi munaoniuliza kila mara kama ninakubali IA kwenye matunzo ya afya ya akili, mujue kwanza kwamba nimeitumia, na ninaitumia hadi leo. Ila si kwa kila kitu, na sababu ni mama mmoja.

Nimebadilisha mambo ya habari yake ili asijulikane, na yeye mwenyewe alikubali nisimulie. Alikuwa amekimbia kijiji chake, anakaa kwa dada yake mdogo na watoto. Hakulia. Alijibu maswali yote kwa heshima. Mwishoni, akiwa tayari amesimama, akasema: "Docta, mimi nilishachoka. Nataka nipumuzike sasa. Batoto, dada yangu atabaki nabo." Nikamwambia pole mama, tutaonana juma ijayo. Kulikuwa na watu sita wanangoja inje.

Jioni nikaeleza yote kwenye telefone, pamoja na lile neno lake la mwisho, nikaomba muhtasari. Ulikuja msafi. Nikiuweka kwa Kiswahili, ulisema hivi: mgonjwa ana uchovu mwingi, anahitaji mapumziko, ana msaada mzuri wa familia, dada yake yuko tayari kumsaidia na watoto. Nikausoma, nikaridhika, nikautuma.

Msimamizi wetu ni mama wa miaka mingi kwenye kazi hii. Aliusoma usiku uleule, akanipigia. "Mwanangu, huyu mama alisema nini? Kwa maneno yake." Nikamrudilia. Kukawa kimya kwenye simu. Halafu akasema: "Huyo hajasema ana msaada. Huyo ameaga."

Tulienda asubuhi mapema, kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Tulimkuta hai. Hayo mengine niliyoyakuta pale nyumbani hayana faida kuandikwa, itoshe kusema kwamba msimamizi hakukosea.

Angalieni vizuri kosa lilivyokuwa, juu si kosa la kijinga. Mashine haikuzua neno hata moja. Alisema amechoka: iliandika uchovu. Alisema anataka kupumzika: iliandika mapumziko. Alisema dada atabaki na watoto: iliandika msaada wa familia. Kila kipande kilikuwa sawa, na jumla ilikuwa uongo. Mbaya zaidi, ile alama iliyokuwa nzito kuliko zote, mtu kupanga nani atawalea watoto wake, iligeuka kuwa jambo jema la kutuliza msomaji. Na kosa la kwanza ni langu, si la telefone. Mimi nilikuwa ndani ya kibanda. Nilimwona akisimama.

Sasa kwa nini inafanya vile? Nieleze kwa ufupi kwa wale ambao hawakupita upande wa informatike. Programu hizi zinafundishwa kwa maandishi mengi kupita kiasi, na kazi yake ya msingi ni kukisia neno gani linaelekea kufuata lingine. Maandishi hayo kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza. Kifaransa kina sehemu yake. Kiswahili ni kidogo, na hicho kidogo zaidi ni cha magazeti na vitabu vya Tanzania na Kenya. Kiswahili chetu cha Kadutu, cha Uvira, cha Lubumbashi, kile tunachosema bila kukiandika, karibu hakimo. Sasa mtu wa kwetu akiumia, anaumia kwa lugha gani? Hasemi "nina huzuni ya kiafya". Anasema mawazo ni mengi, kichwa inazunguka, roho inauma, usingizi ulikimbia. Anasema nilishachoka. Neno hilohilo "nilishachoka" unalisikia asubuhi kwa mtu wa motari aliyekosa mafuta, na hana shida yoyote. Tofauti haiko kwenye neno. Iko kwenye macho, kwenye kusimama kabla ya kusema, kwenye lile jambo la watoto lililofuata bila kuulizwa. Hayo hayakuingia kwenye telefone, juu mimi sikuyasema.

Tena kuna ule ulaini. Ripoti mbaya ya mkono ina alama ya kuuliza pembeni, ina neno lililofutwa, ina "sikuelewa vizuri hapa". Msimamizi akiiona anasimama. Ripoti ya mashine haina kovu. Inakuja na uhakika uleule ikiwa imepatia ao imekosa, na sisi tuliosoma chini ya maprofesa wakali tuna ugonjwa wa kuamini Kifaransa kizuri.

Jambo hili si la jana. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, aliyekuwa anafundisha kwenye MIT huko Marekani, alitangaza programu yake iliyoitwa ELIZA. Ilikuwa inaiga msaikolojia kwa ujanja mwepesi kabisa: unaandika "nina huzuni", inakuuliza kwa nini una huzuni. Haikuelewa kitu. Hata hivyo sekretere wake, aliyemwona akiitengeneza siku kwa siku, alimwomba siku moja atoke chumbani ili azungumze nayo peke yake. Weizenbaum alishtuka. Alikuwa mtoto wa Kiyahudi aliyekimbia Ujerumani pamoja na wazazi wake mwaka 1936, na nadhani mtu kama huyo anajua kitu juu ya kuachia mashine hukumu ya binadamu. Mwaka 1976 alitoa kitabu kizima akidai kwamba kuna kazi ambazo hata kama kompyuta ingeziweza, haifai kuzipewa.

ELIZA haikuweza kuumiza sana, ilikuwa inauliza tu. Za leo zinashauri. Mwaka 2023, shirika moja la Marekani linalosaidia watu wenye matatizo ya kula, linaitwa NEDA, lilikuwa na programu ya mazungumzo, Tessa. Wakati uleule lilikuwa linafunga laini ya simu iliyojibiwa na watu. Kabla hata mwezi wa tano haujaisha, Tessa ilibidi izimwe: ilikuwa inawapa watu wanaojinyima chakula mashauri ya kupunguza kalori na kujipima uzito. Mashauri hayo, kwa mtu mwenye afya anayetaka kupunguza mwili, ni ya kawaida tu. Kwa wale waliokuwa wanaandika pale, ni sumu. Munaona ni kosa lilelile la kwetu: jibu zuri kwa mtu mwingine.

Na kuna ubaya wa namna nyingine, wa kukubali kila kitu. Mwezi wa nne 2025 kampuni ya OpenAI iliondoa toleo moja la ChatGPT juu lilikuwa linabembeleza watu kupita kiasi, ukisema neno lolote linakusifu. Kule inaweza kuchekesha. Kwetu fikiria kijana asiyelala usiku tatu, anaamini bibi wa jirani amemroga, anaiandikia mashine, nayo inamjibu kwa upole kwamba hisia zake ni za kweli na asizipuuze. Tunajua wote, bila nitaje mtaa, shitaka la uchawi linaweza kumfikisha bibi wapi kabla ya jua kuzama.

Bon. Hapa najua wengine mnataka kunijibu, na mmoja wetu alishanijibu uso kwa uso. Aliniambia: "Wewe unasema hivyo juu uko na kibanda. Mimi saa nane ya usiku niko na nani?" Alikuwa amefiwa. Alizungumza na telefone majuma mawili kabla ya kuzungumza na mtu yeyote. Alisema ilimsaidia kupanga maneno, na alipokuja kwetu alijua tayari aseme nini. Sina jibu la kumnyamazisha, na sitaki kumnyamazisha. Wasaikolojia ni wachache, wagonjwa wazito tunawapeleka Sosame kwa Mafrere wa Charité, na kati ya kibanda changu na Sosame kuna watu wengi sana wasio na mahali. Kumwambia mtu asiye na kitu "usitumie hicho kidogo" ni rahisi kwa mwenye kushiba.

Kwa hiyo simkatazi mtu kuandika usiku. Namwambia mambo mawili tu. Kama unachoandika ni kupanga maneno, kukumbuka, kutuliza pumzi, endelea. Kama umeanza kufikiria kufa, ao umeanza kuona kwamba ile telefone njo peke yake inakuelewa, hapo funga, amsha mtu. Dada, jirani, padri, mtu wa nyumba, hata asiyejua saikolojia. Mtu asiyejua kitu anaweza kukaa kitandani kwako hadi asubuhi, na usiku ule hilo linapita elimu.

Tena si kweli kwamba tuna njia mbili tu, daktari ao mashine. Zimbabwe, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda alianza kufundisha mabibi wa mtaa kukaa kwenye benchi nje ya vituo vya afya na kusikiliza watu kwa utaratibu maalum. Benchi la urafiki, njo jina lake. Matokeo yake yalipimwa kwa utafiti mkubwa uliotoka 2016, na waliokaa kwenye benchi walipona vizuri kuliko waliopata huduma ya kawaida. Jambo linalonigusa zaidi: hawakuwaambia watu wana "depresheni". Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Kwetu tungesema mawazo mingi. Mabibi walianzia kwenye neno la mgonjwa.

Nirudi kwenye kazi yetu sisi. Kuna mahali IA inafaa kabisa, na ninaipenda. Kuandaa karatasi ya kueleza familia juu ya kifafa, halafu mimi ninaisahihisha. Kufanyisha mazoezi wanafunzi wa staje: inacheza mgonjwa mwenye hasira, wao wanajaribu kumtuliza, hakuna anayeumia. Barua za kuomba dawa. Kupanga ratiba. Kufupisha sheria ndefu. Jimbo la Illinois, Marekani, lilipitisha sheria mwezi wa nane 2025 inayokataza IA kufanya tiba ya kisaikolojia yenyewe, lakini inamwachia mtaalamu kuitumia kwa kazi za ofisi. Mstari wao si mbali na ule tuliochora kwenye daftari letu, ila sisi tumeongeza kitu: kwa kwetu ofisi yenyewe ni hatari, juu tafsiri inafanyika palepale.

Mfano mwingine mdogo, wa hesabu. Wengi mnajua ile fomu ya maswali 9, PHQ-9, ya kupima huzuni kwa juma mbili zilizopita. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla inafika 27. Toka 5 hadi 9 inaitwa nyepesi. Ukimpa mashine ijumlishe, itajumlisha bila kukosea. Lakini swali la 9 linauliza kama mtu amefikiria kufa ao kujiumiza. Mtu anaweza kupata jumla ya 7, "nyepesi", na ndani ya ile 7 mumo 2 ya swali la 9. Ukitazama jumla peke yake, unamrudisha nyumbani. Sheria ya kazi ni kwamba jibu lolote la swali la 9 lisilo 0 linahitaji mtu akae na mtu, siku ileile, bila kujali jumla. Mashine inaweza kuambiwa hivyo. Je, aliyeiweka kwenye telefone yako aliiambia? Ulimuuliza?

Sasa siri. Hapa sina upole kabisa.

Finland, mwaka 2020, ilijulikana kwamba mwizi alivunja hifadhi ya kampuni ya tiba ya kisaikolojia, Vastaamo. Maneno ya wagonjwa zaidi ya 30,000, yale ya ndani kabisa, yaliibiwa, na mwizi akawaandikia wagonjwa mmoja mmoja: lipa ama nitangaze. Alihukumiwa 2024 zaidi ya miaka sita ya gereza. Hiyo ni nchi yenye umeme, yenye sheria, yenye polisi wa kompyuta. Sisi tunaweka ushuhuda wa mwanamke aliyebakwa, pamoja na tarehe, na barabara, na nguo walizovaa wale watu wenye silaha, ndani ya telefone ambayo jioni mtoto anachezea na kesho inafunguliwa kwenye barierre. Historia ya mazungumzo imo mle. Nchi yetu ina Kanuni ya Numeriki tangu tarehe 13 Machi 2023, na ina sehemu nzima juu ya kulinda habari za watu. Ni vizuri, isomeni. Lakini kwenye barierre hakuna anayekuuliza juu ya Kanuni.

Na msiniambie "nimetoa jina". Kutoa jina kwetu hakutoshi. "Mwalimu mjane wa miaka arobaini na kitu, wa shule ile ya juu ya mlima, ana mapacha": je, nani hamjui? Tumekubaliana hivi: habari ya ubakaji, ya mateso, ya mtoto, ya mtu mwenye silaha, haiingii kwenye telefone kwa njia yoyote. Mkono na daftari, na daftari kwenye kabati yenye kufuli. Habari zingine zinaingia bila jina, bila mahali, bila kazi, bila idadi ya watoto, na tunafuta siku ileile. Na mgonjwa anaulizwa kwanza. Siku ya kwanza nilipouliza, mzee mmoja aliangalia telefone mezani akasema polepole: "Na sasa inasikia?" Niliigeuza, nikaitoa inje. Toka siku ile haikai mezani.

Kitu cha mwisho tulichobadilisha ni chepesi hata naona haya kukiandika. Juu ya kila dosie, kabla ya Kifaransa chochote, kuna mistari mitatu ya mkono: maneno ya mtu mwenyewe, kwa lugha yake, katikati ya alama za kunukuu. Mashi ikiwa Mashi. Mashine hairuhusiwi kugusa mistari ile, na anayetia saini chini anaapa kwamba ameisoma. Inatuchelewesha. Mfadhili anataka ripoti ndani ya saa 48 na mara mbili tumechelewa, tumeandikiwa barua ya kukemewa. Msimamizi ameiweka barua ile ukutani.

Yule mama anaendelea kuja, siku hizi mara moja kwa mwezi. Alipokubali nisimulie habari yake aliuliza kama alichosema siku ile kimeandikwa mahali. Nikafungua dosie nikamwonyesha, nikamsomea. Akasikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Andika na leo," akaniambia bei aliyouza ndizi zake sokoni, na jina la mtu aliyekataa kumlipa.